Muulize Babu Tabibu: Uume Ukikataa Kulala, Usisubiri Kukuche

Assalaam alaykum Babu Tabibu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mshonaji nguo hapa Ngamiani, na nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni. Naomba jina langu lisitoke. Kwa muda sasa uume wangu husimama wenyewe usiku wa manane bila hamu yoyote. Unauma, hukaa hivyo saa nzima au zaidi, kisha hulegea. Nilikuwa navumilia. Ramadhani iliyopita ulisimama baada ya daku na haukulala mpaka adhuhuri. Maumivu yale siwezi kuyaandika. Shangazi yangu akasema nimenasa tego, kwamba nimemgusa mke wa mtu, nami naapa sijamgusa mtu. Nikapelekwa kwa mganga upande wa Muheza, nikachanjwa kiunoni na kupewa dawa ya kufukiza. Tangu siku ile unasimama, lakini si kwa nguvu ya zamani. Baada ya Idi natarajia kuoa. Je, huu ni ugonjwa? Nimeshaharibika? Na huyo binti nimwambie? Kliniki sijawahi kuwaambia, kwa sababu muuguzi anayenihudumia ni mama wa makamo na ni jirani yetu.
Mshonaji, Tanga

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na nimeamua kuipa karibu safu yote ya toleo hili, kwa sababu najua kuna vijana wengine mitaa ya Makorora, Mabawa na Duga wanaoamka usiku na jambo hilihili na hawana wa kumwambia.

Hukunasa tego. Una ugonjwa, una jina, na umetokana na selimundu yako. Hospitalini huitwa priapizimu. Kwa wanaume wote kwa jumla ni ugonjwa adimu. Tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi wilayani akaukuta mara chache tu. Lakini kwa wanaume wenye selimundu si adimu hata kidogo: tafiti nyingi zinaonyesha takriban mmoja kati ya watatu huupata wakati fulani maishani. Na sisi wa pwani tuna selimundu nyingi. Tanzania inakadiriwa huzaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Sababu yake ni malaria iliyokaa nasi vizazi kwa vizazi, maana anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Kwa hiyo kilichomo mwilini mwako kilianza kwa mababu walioumwa na mbu. Hakuna mume wa mtu aliyekutegea kitu.

Nikueleze kinachotokea. Ndani ya uume mna mirija miwili mirefu yenye nyama laini iliyojaa vitundu. Mwanaume anaposisimka, au akiwa usingizini tu, damu huingia kwa wingi, mirija hujaa, na mishipa ya kutolea damu hubanwa. Baadaye mishipa hiyo hufunguka na damu hutoka. Kwako wewe, chembe za damu zinapokosa hewa ya kutosha hupinda, huwa ngumu na hunatana, zikaziba njia ya kutokea. Damu iliyobaki ndani haina tena oksijeni, inakuwa nyeusi na nzito, na nyama ya ndani inaanza kukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu unayoyasikia. Ukijichunguza utaona shina la uume ni gumu kama ubao lakini kichwa chake mara nyingi kimelegea. Hiyo ni dalili mojawapo ya kuutambua, pamoja na maumivu na kutokuwa na hamu.

Zile za usiku zinazokuja na kuondoka zenyewe baada ya saa moja au mbili ni aina ya kujirudiarudia. Watu huzivumilia, na hapo ndipo ninaposikitika, maana mara nyingi hizo ndizo zinazotangulia ile kubwa. Ya kwako kubwa ilikuja Ramadhani, na sishangai. Mwili wa mwenye selimundu ukikaukiwa maji, chembe hupinda kirahisi zaidi. Mwanangu, mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe kula na kulipa siku nyingine. Zungumza na daktari wako na shehe wako kabla ya Ramadhani ijayo, usijikaze.

Sasa saa. Hili nataka ulishike kuliko yote niliyoandika. Uume uliosimama na kuuma ukipita muda wa saa 4, nyama ya ndani inaanza kuumia. Ukipita saa 24, kovu linakuwa limeanza kuchukua nafasi ya nyama hai. Ukipita saa 36, wengi hawasimamishi tena kwa njia ya kawaida maisha yao yote. Wewe ulikaa kuanzia daku hadi adhuhuri. Umepoteza kiasi, hujapoteza vyote.

Nilipokuwa kazini wodi ya upasuaji, aliletwa kijana kutoka mashamba ya mkonge, siku ya tatu tangu aanze kuumwa. Nduguze walikuwa wamezimaliza siku zile kumtafuta mwenye tego ili alitegue. Hawakuwa watu wabaya. Walichanga fedha, walitembea usiku, baba yake alikuwa tayari kupiga magoti mbele ya mtu yeyote ambaye mwanawe angemtaja. Kijana hakuwa na wa kumtaja. Tangu utotoni walikuwa wakisema ana baridi yabisi, kumbe ni selimundu. Tulimtoa damu nyeusi kama lami, maumivu yakaisha, uume ukalala. Haukuamka tena. Alikuwa hajaoa. Ninaposikia neno tego linatajwa kitandani kwa mgonjwa wa namna hii, moyo wangu unaenda kwa yule kijana na zile siku zilizopotea, na ndiyo maana nasema kwa sauti: mwambie shangazi yako, kwa heshima zote, kwamba upendo wake safari nyingine uite bajaji.

Ikianza tena usiku, fanya hivi. Amka, nenda ukakojoe, maana kibofu kilichojaa huchochea. Kunywa maji, glasi mbili tatu. Tembea ndani ya nyumba au uani, panda na kushuka ngazi kama ipo. Oga maji ya uvuguvugu. Meza dawa yako ya maumivu uliyozoeshwa kliniki. Barafu usiweke kabisa. Kwa watu wengine huambiwa waweke, kwako wewe baridi inazidisha kupinda kwa chembe. Tendo la ndoa usilitegemee likushushe. Usifunge kamba, usikande kwa nguvu, usichanjwe. Ukifika muda wa saa 2 bila dalili ya kulegea, toka nyumbani. Usingoje adhana ya alfajiri wala usingoje kuona haya kuishe. Kabla hazijatimia saa 4 tangu usimame, uwe tayari mbele ya daktari.

Kwa wewe uliye mjini, Hospitali ya Mkoa ya Bombo si mbali, na idara ya dharura haifungwi usiku. Ukifika mapokezi usiseme "tumbo linauma" wala "nina ngiri", kama wengi wanavyofanya kwa haya, wakaishia kukaa kwenye benchi nyuma ya wenye mafua. Sema hivi: "Nina selimundu, uume umesimama tangu saa fulani, unauma, haulali." Ukiona tabu kulisema mbele ya watu, liandike kwenye karatasi tangu leo, uliweke pamoja na kadi yako ya kliniki, ulimpe anayepokea.

Daktari atakuuliza umeanza lini na unatumia dawa gani. Atakutundikia dripu, atakupa dawa kali ya maumivu, pengine na oksijeni. Hayo ni mazuri, lakini peke yake hayatoshi, wala kuongezewa damu si badala ya matibabu ya uume wenyewe. Kama muda umepita, ni lazima damu iliyonaswa itolewe. Utachomwa ganzi kwenye shina, kisha sindano itaingizwa ubavuni mwa uume na damu ile nyeusi kuvutwa kwa bomba. Wanaweza kusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuingiza kidogokidogo dawa iitwayo fenilefrini, inayokaza mishipa ili damu ipungue, huku wakikupima shinikizo la damu mara kwa mara. Najua kusoma habari ya sindano mahali pale kunatisha. Lakini waliopitia huniambia nafuu huanza damu ile inapoanza kutoka, na wengine husinzia hapohapo kitandani kwa uchovu wa maumivu. Isipofaulu, kuna upasuaji wa kuifungulia damu njia nyingine ya kutokea.

Huenda ukaambiwa upelekwe mbali, Muhimbili, au KCMC Moshi ambako wana idara ya siku nyingi ya magonjwa ya njia ya mkojo. Sawa. Ila uliza kwa adabu: "Daktari, damu haiwezi kutolewa hapahapa kwanza?" Mwendo wa basi ni saa nyingi, na saa ndizo zinazokuharibu.

Nikuambie na kinga. Kuna vidonge vya haidroksiyurea ambavyo hupunguza mashambulizi ya selimundu kwa jumla, na baadhi ya wagonjwa huona hata haya ya usiku yakipungua. Uliza kliniki kama vinakufaa. Huanzwa kwa kipimo cha damu na hufuatiliwa kwa vipimo. Kwa kuwa unaoa, ujue pia kwamba vinaweza kupunguza mbegu za kiume wakati unavitumia, hivyo mwambie daktari mapema kwamba mnataka watoto, mpange pamoja. Kuna dawa nyingine za kumeza usiku ambazo mtaalamu wa njia ya mkojo huzitumia kwa wanaosumbuliwa mara kwa mara. Hizo hazinunuliwi kwa kuambiwa na rafiki. Nyumbani: maji mengi mchana kutwa, hasa wewe unayekaa kwenye cherehani unasahau kunywa, kukojoa kabla ya kulala, kujifunika vizuri kusi linapovuma, pombe na bangi kuviacha, homa ikianza, kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Kuhusu nguvu iliyopungua, nenda ukapimwe na mtaalamu. Zipo njia za kusaidia. Lakini usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya nguvu za kiume kwa sababu baadhi yake vinaweza kumletea mwenye selimundu mashambulizi ya maumivu. Hilo liwe mikononi mwa daktari anayekujua.

Na binti, mwambie. Mwambie una selimundu, na mwambie hili pia kabla ya nikaha, kwa maneno machache ya heshima. Mkeo ndiye atakayekuwa karibu nawe usiku, na akijua, ndiye atakayesema "muda umefika, twende," badala ya kukaa gizani akidhani umetoka kwa mwanamke mwingine. Kisha nendeni akapimwe damu. Kama hana chembe ya selimundu kabisa, watoto wenu wote watairithi upande mmoja tu na hawataugua. Kama anayo upande mmoja, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuzaa mtoto mgonjwa kama wewe. Si mimi wa kuwaambia muoane au msioane. Nataka tu mwingie mkijua.

Yule muuguzi jirani yenu ana wajibu wa kutunza siri yako, na naamini ameshasikia mengi mazito kuliko hili. Hata hivyo ni haki yako kuomba kuonana na tabibu wa kiume. Omba. Na wazazi mnaosoma hapa mkiwa na mtoto wa kiume mwenye selimundu, mweleweshe kwa lugha ya nyumbani kwamba sehemu hiyo ikikaza na kuuma aseme mara moja kama anavyosema mguu ukimuuma. Ugonjwa huu huwapata na watoto.

Babu, shikamoo. Nina miaka 41, nakaa Pongwe, na kila siku naendesha baiskeli kuja mjini. Wiki iliyopita mguu uliteleza kwenye pedeli nikaangukia chuma cha katikati, nikaumia kati ya mapaja. Palivimba, pakapoa. Siku ya tatu nikaona uume umesimama nusu na haurudi, mpaka leo. Hauumi kabisa. Sina selimundu. Je, na mimi nimeshachelewa?
Mwendesha baiskeli

Marahaba. Hapana, hujachelewa, na tulia. Yako ni aina nyingine, adimu zaidi ya ile ya kwanza. Pale ulipojigonga, msambani, pana mshipa unaoleta damu kwenye uume. Ukichanika kidogo, damu safi humwagika ndani ya mirija bila kipimo. Kwa kuwa damu hiyo ina oksijeni, nyama haifi, ndiyo maana hausikii maumivu na uume haukazi sawasawa. Mara nyingi huanza siku kadhaa baada ya ajali, kama ilivyokuwa kwako.

Lakini usikae nayo nyumbani. Nenda wiki hii hospitali ukapigwe altrasaundi ya kuangalia mwendo wa damu, na daktari anaweza kuvuta damu kidogo kuipima: ikiwa nyekundu angavu, ni hii niliyokueleza. Wengi huambiwa wasubiri chini ya uangalizi, na baadhi mshipa huziba wenyewe. Usipoziba, wapo wataalamu katika hospitali kubwa wanaouziba kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa. Baiskeli iache kwanza. Najua kwa mtu wa Tanga hilo ni gumu, panda daladala. Na kama maumivu yakianza na ukakaza kabisa, yote niliyomwambia Mshonaji kuhusu saa yanakuhusu na wewe.

Babu Tabibu, shikamoo. Mume wangu ana miaka 58 na anatumia dawa za presha. Ananunua unga wa kuongeza nguvu kwa wachuuzi, anachanganya kwenye uji. Juzi usiku uume haukulala kwa saa nyingi, akawa analia chumbani, akanikataza nisimwambie mtu. Kulipokucha ukalegea. Anasema hatarudia, lakini ule unga bado ameuweka. Nifanye nini?
Mama wa Chumbageni

Marahaba binti yangu, na pole. Umefanya vizuri kuandika.

Unga ule hakuna anayejua umewekwa nini. Dawa nyingi za namna hiyo duniani, zinazouzwa kwa jina la mitishamba, zimekutwa na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, iliyosagwa humo bila kuandikwa popote wala kupimwa kiasi. Kwa mtu wa presha, hatari ya kwanza si hata uume. Dawa hiyo ikikutana na baadhi ya dawa za moyo, hasa zile za kuweka chini ya ulimi mtu anapobanwa na kifua, presha inaweza kuporomoka ghafla akafa. Kwa hiyo usimgombeze, mwogopee, na mwambie hivyohivyo kwamba unamwogopea.

Nataka aende hospitali hata kama ameshapona. Mwanaume wa umri wake asiye na selimundu, uume ukikataa kulala, daktari lazima atafute sababu. Inaweza kuwa unga. Inaweza kuwa mojawapo ya dawa zake, maana zipo za presha na za magonjwa ya akili, kama klopromazini, zinazoweza kuleta hali hii. Mara chache huwa ni saratani ya damu inayoanza kujionyesha, na kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu hutoa fununu. Nguvu zenyewe kupungua katika umri huo mara nyingi ni habari ya sukari, presha au mishipa ya moyo, na hilo lina matibabu ya wazi.

Dawa zake za presha asiziache kwa kuogopa, hadi daktari aseme. Siku mnayokwenda, chukua vidonge vyote anavyomeza ukaviweke kwenye mfuko mmoja, pamoja na ule unga katika karatasi yake ileile alivyoununua, umkabidhi daktari mkononi. Kama mume wako atasita kusema mbele yake, sema wewe: ulianza saa ngapi, ukalegea saa ngapi, na kabla ya hapo alikunywa nini.